Fahali wa jiwe hulala mara ngapi?

SWALI: Naandika makala kuhusu hekalu la Brihadisvara, Thanjavur, kusini mwa India. Sehemu za ibada za jamaa na wafuasi wa Shiva, mungu wa Kihindu mwenye hekalu hilo, niziite "mahekalu madogo" au "vihekalu"? Nimeandika hivi: "Nandi analala mbele ya hekalu, Dakshinamurti anaelekea kusini, na mahekalu madogo yanazunguka hekalu kuu."

JIBU: Andika vihekalu. Neno hekalu tumelipata kwa Waarabu, haykal, na asili yake ya mbali ni e-gal ya Wasumeri, yaani nyumba kubwa. "Hekalu dogo" basi ni nyumba kubwa ndogo. Anayelisema simgombezi, ila vihekalu ni jepesi zaidi mdomoni. Swali lako limekwisha hapo. Kilichoninyima raha ni sentensi yako.

"Nandi analala." Saa ngapi? Fahali huyo wa Shiva amechongwa katika jiwe moja, enzi za watawala Nayaka, karne kadhaa baada ya mfalme Rajaraja Chola kulikamilisha hekalu mwaka 1010. Tangu awekwe pale hajanyanyua goti. Ukiniambia analala, namwona anakunja miguu ya mbele, anashusha kiuno, anatafuta pa kuweka tumbo; tena nikirudi kesho huenda nikamkuta amesimama. Muulize mtoto wa miaka minne paka yuko wapi. Atakujibu "amelala uvunguni". Hatasema analala, wala hakuna aliyemfundisha darasani. Sisi tuliosoma ndio tunaoharibu, kwa kuwa sentensi imeanza kichwani kwa Kiingereza. Kila wiki naliona kosa hili chini ya picha magazetini: "Waziri anavaa suti nyeusi na anasimama kushoto." Waziri anavaa mbele ya kamera? Amevaa! Amesimama! Kiambishi -me- hakitaji jambo lililopita tu. Kinataja pia hali iliyobaki baada ya tendo kuisha, na sanamu haina kingine ila hali hiyo.

Dakshinamurti, yaani Shiva akiwa mwalimu, ndiye aliyeonewa zaidi. Kusini imo ndani ya jina lake, maana dakshina ni kusini, na mahali pake ni ukuta wa kusini wa hekalu la Shiva. Ameketi chini ya mti akifundisha, mguu mmoja ameuweka juu ya kijitu. Wewe unasema "anaelekea kusini", kama abiria wa basi la Mtwara. Ameelekea kusini, ndugu yangu, kama mlango mkuu wa hekalu hilo ulivyoelekea mashariki.

Na vihekalu navyo havizunguki. Ganesha, mwana wa Shiva, yuko pembe ya kusini-magharibi, nduguye Subrahmanya kaskazini-magharibi, Chandikeshvara mfuasi wa Shiva upande wa kaskazini, na kila kimoja kimetulia penye msingi wake. Wanaozunguka ni waumini, hekalu likiwa mkono wao wa kulia.

Ungeandika "Ganesha anakaa kusini-magharibi" ningekuachia. Anayekaa Magomeni anaishi Magomeni, na kwa Wahindu hekalu ni nyumba ya mungu. Lakini ukitaka kueleza mkao wa mwili wake, ameketi.

Kama una hamu ya kutumia -na-, mfuate muumini mpaka kwa Chandikeshvara. Mwenyewe ameketi, amezama katika kutafakari. Muumini anafika, anapiga makofi polepole kumwonyesha kwamba haondoki na kitu mikononi, anainamisha kichwa, anapita. Humo -na- imejaa tele, na hakuna hata moja ninayoweza kuigusa.

Sentensi yako iwe hivi: "Nandi amelala mbele ya hekalu, Dakshinamurti ameelekea kusini, na vihekalu vimelizunguka hekalu kuu."