Maswali ya Wasomaji: Rangi ya Bata wa Mti Inabanduka

SWALI: Mhariri, salamu sana. Mimi ni mchongaji wa Langoni, Lamu. Mgeni kutoka Marekani ameniagiza bata sita wa mti wa mwembe, mfano wa wale ambao wawindaji wa kwao huwaacha waelee majini ili kuwahadaa bata-mwitu. Wa kwanza nilimpaka mafuta ya sifa, kisha rangi ya mafuta ya kung'aa iliyobaki kwenye kazi ya mlango. Rangi inabanduka, na mgeni analalamika kwamba bata anametameta kama sufuria mpya. Nitumie rangi na brashi za aina gani?

JIBU: Ndugu fundi, rangi imebanduka kwa sababu ya sifa. Mafuta hayo ya papa yanafaa ubavu wa jahazi, ambao unatakiwa usinywe maji, lakini mti uliolowa mafuta haushiki rangi. Huyo wa kwanza mkwangue hadi ufikie mti mkavu, na wale watano usiwaguse kwa mafuta yoyote.

Kuhusu kung'aa, mgeni wako ana haki. Wachoraji wa bata hao hushikilia rangi isiyong'aa, kwa kuwa mmweko wa jua mgongoni humshtua ndege aliye angani, naye hupita bila kutua.

Mimi ningechagua akriliki, ambayo huchanganywa na maji na hukauka upesi. Rangi ya mafuta ina uzuri wake, maana hukawia kukauka na kukuruhusu kuyeyusha kahawia ya kifua ndani ya kijivu cha ubavu. Lakini kwa unyevu wa Lamu utasubiri siku nyingi, na matambara yenye mafuta ya kitani ya rangi hiyo yakirundikwa huweza kuwaka yenyewe, jambo la kuogofya chini ya paa la makuti. Ukitaka zote mbili, rangi ya mafuta ije juu ya akriliki, kamwe si kinyume chake.

Piga msasa, futa vumbi, kisha paka andakoti, yaani rangi ya chini ya kutangulia, nyepesi mara mbili, ukizidisha kifuani na mkiani ambako nyuzi za mti zimekatwa, kwani hapo ndipo mti hunywa zaidi.

Brashi tatu zinatosha: bapa ya inchi moja kwa andakoti, ndogo ya duara yenye nywele za bandia na ncha kali, na moja kuukuu ya nywele ngumu zilizotawanyika, ambayo mafundi wengi wangeitupa. Hiyo kuukuu ichovye kidogo, ifute kwenye kitambaa mpaka iwe karibu kavu, kisha iburute polepole kutoka shingoni kuelekea mkiani. Kila unywele utaacha mstari wake, na manyoya yatajitokeza. Brashi zioshe papo hapo kwa maji baridi, si ya chumvi, kwani akriliki ikikauka kwenye shina la nywele, brashi imekwisha.

Malizia kwa vanishi isiyong'aa. Jicho peke yake ndilo lipewe tone la vanishi ya kung'aa.