Bosi anapokutuma mambo yake ya nyumbani

Huanza na umeme wa LUKU: "Nisaidie kuninunulia, nitakurudishia." Kisha anakuja mtoto wa kuchukuliwa shuleni, kisha gauni la kufuatwa kwa fundi Kariakoo, na mwishowe Jumamosi nzima unapanga viti kwenye kicheni pati ya mdogo wake. Yote hayo yamenipitia nikiwa msaidizi wa mhasibu kwenye kampuni binafsi Dar es Salaam, chini ya meneja mmoja. Namwandikia aliyemo humo sasa, hasa kijana wa mkataba wa mwaka mmoja anayehofia kwamba akikataa mkataba hautahuishwa.

Kusema "hapana" kavu ni kugumu kwetu. Bosi ni mtu mzima, unamwita mama, asubuhi umempa shikamoo. Kilichonifaa mimi ni kumwekea kazi ya ofisi mbele yake, achague mwenyewe. Tarehe 6 ya mwezi mmoja alitaka nikamfuatie gauni. PAYE, ile kodi ya mishahara, mwisho wake TRA ni tarehe 7, na mimi ndiye niliyekuwa naiandaa. Nikamwambia: "Mama, nimekusikia. Hapa nimeshika PAYE, mwisho kesho, tukichelewa kampuni inapigwa faini. Niiache niende, au niimalize kwanza?" Akanyamaza kidogo, akampigia bodaboda wake. Sikumkosea heshima, wala sikumdanganya kwamba naumwa. Udhuru wa uongo unakufaa siku moja tu, keshokutwa unatafuta mwingine.

Alininunia baada ya hapo, salamu akaitikia kwa shida. Kipindi hicho kipo, jiandae nacho. Wahi kazini, maliza kazi zako, usimpe pa kukushikia.

Kwenye fedha ndipo ninapotaka uwe mkali. Usimkopeshe bosi, na usikope kwa jina lako kwa ajili yake, hata ile mikopo midogo ya kwenye simu. Mshahara wako anaujua na bado anakuomba. Utamdai vipi mtu anayekusainia likizo? Sema, "Mama, yangu yote yana kazi," ukomee hapo. Ukianza kueleza kodi ya nyumba na ada za wadogo zako, kila unachokitaja atakipatia jibu.

Soma pia mkataba wako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri akupe kwa maandishi maelezo ya kazi yako, na saa za kawaida ni 45 kwa wiki. Viti vya kicheni pati havimo.

Likija ombi la mwili, upole hauna nafasi. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinamfanya kuwa mkosaji mwenye mamlaka anayedai ngono, au fadhila nyingine yoyote, kama sharti la kukupa ajira, cheo au haki yako. Tunza kila ujumbe aliokutumia, hata ule unaoona aibu kuuonyesha. Mweleze mtu mmoja unayemwamini, kisha wapigie TAKUKURU 113, ni bure.

Na ukiachishwa kazi kwa sababu ulikataa, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Lalamiko la kuachishwa isivyo haki hupelekwa ndani ya siku 30, kwa hiyo usizimalize nyumbani ukingoja akupigie simu kukurudisha.