Tuanze na Utoto wa Martin Luther King

Kwa sisi tunaolea watoto Marekani, Jumatatu ya tatu ya Januari ni sikukuu ya Martin Luther King Jr., mchungaji aliyeongoza harakati za kudai haki za Wamarekani Weusi, lakini watoto wengi hawajui zaidi ya hotuba yake ya mwaka 1963 jijini Washington. Ushauri wangu ni kuanza na utoto wake, tena kwa filamu, kwa kuwa mtoto mdogo huielewa dhuluma upesi anapoona aliyetendewa ni wa rika lake.

Nyumbani kwetu tulitazama katuni ya mwaka 1999, Our Friend, Martin, ambamo wanafunzi wa siku hizi wanarudi zamani na kumkuta Martin akiwa bado mvulana. Niliwaambia wanangu mapema kwamba safari hiyo ni ya kubuni, bali ubaguzi watakaouona ulikuwepo kweli. Ilipokwisha, niliwasimulia kisa alichokieleza King mwenyewe ukubwani: huko Atlanta alikuwa na rafiki Mzungu, ambaye baba yake alikuwa na duka karibu na nyumbani kwao, lakini walipofika umri wa kwenda shule kila mmoja alipelekwa shule ya watu wa rangi yake, na baadaye yule rafiki akamwambia kwamba baba yake amemkataza kucheza naye. Wazazi wake ndipo walipomweleza habari za ubaguzi, na mama yake, Alberta, akamhakikishia kwamba yeye si duni kwa mtu yeyote.

Msiharakishe hapo. Binti yangu aliuliza kama yule mtoto wa Kizungu naye aliumia, na swali hilo lilituweka mezani muda mrefu kuliko filamu yenyewe. Naamini ni swali la haki kabisa.

Kwa watoto wakubwa, ongezeni kisa cha mwaka 1944. Martin, akiwa na miaka 15, alikuwa akirudi na mwalimu wake kutoka mashindano ya hotuba mjini Dublin, Georgia, dereva wa basi alipowaamuru wawapishe abiria Wazungu, wakalazimika kusimama njiani. Anayekijua kisa hicho ataelewa vizuri zaidi mgomo wa mabasi wa Montgomery, Alabama, ulioanza mwaka 1955, ambapo Weusi wakiongozwa na King walisusia mabasi ya mji huo kupinga ubaguzi.

Kaeni nao wanapotazama, na mtoto akisema kwamba naye amewahi kutengwa shuleni kwa sababu ya rangi au lafudhi yake, simamisheni filamu mumsikilize kwanza.