Wadogo zangu wa sauti ya kwanza, mpumzisheni Malkia wa Usiku

Juzi hapa Ujerumani nilimsindikiza mdogo wangu mmoja kwenye usaili wa waimbaji wa opera, ile michezo ya jukwaani inayoimbwa. Tumekaa nje, ukuta mwembamba. Ndani ya saa moja nimemsikia Malkia wa Usiku, yule mhusika wa opera ya Mozart "Filimbi ya Uchawi", mara 3, na mara zote 3 ile noti yake ya juu kabisa, F, ilikatika palepale. Nilishindwa kucheka, maana yangu ilikatika hivyohivyo. Haya, andikeni.

1. Usichague aria, yaani wimbo wa mtu mmoja ndani ya opera, kwa vigelegele vya nyumbani. Mimi ndivyo nilivyofanya. Kwaya ya usharika wetu ilinijua kama dada wa kupaa. Basi nikiwa na miaka 23 nikaenda usaili wa studio ya opera, nimeshuka kwenye treni ya alfajiri, sijapasha sauti, nikafungua na "Der Hölle Rache", aria ya huyohuyo Malkia. F nilikuwa nayo, bafuni. Pale ilitoka pumzi tupu, kama birika linalotaka kuchemka. Mwenzenu Josepha Hofer, shemeji yake Mozart, aliyeandikiwa kitu hicho, alikiimba Vienna mwaka 1791 akiwa ameshavuka miaka 30.

Jopo hata halikukunja uso. Mama mmoja akapitia orodha yangu ya aria 5, akasema, "Tuimbie Susanna. Anzia kwenye resitativo." Susanna ni yule mjakazi wa "Ndoa ya Figaro", opera nyingine ya Mozart; resitativo ni ile sehemu ya kuimba kama unaongea, kabla ya aria.

Jamani. Aria yenyewe, "Deh vieni", niliijua hadi usingizini. Resitativo yake, "Giunse alfin il momento", sikuwahi kuigusa. Niliona ni maneno tu kabla ya wimbo wenyewe. Mpiga piano akaanza, akanitazama. Akaanza tena, polepole, kama anayemwita mtoto mwenye aibu. Nikaomba nianzie kwenye aria. Yule mama akafunika kalamu yake, tk! Mlio huo ninao hadi leo. Nikaimba vizuri kuliko siku zote, na hakuna aliyekuwa anaandika.

Nilijifungia chooni dakika 40, nikamwandikia mwalimu wa kwaya kwamba imeenda vizuri, Bwana asifiwe. Jumapili akatangaza ibadani. Mama yangu akatoa jogoo wa shukrani, akapigwa mnada. Jogoo wa watu!

2. Orodhesha unachokiimba kizima tu.

3. Noti ziwe kwenye faili. Mpiga piano ana mikono 2 na yote ina kazi.

4. Solfa imetulea, siisemi vibaya, na mpaka leo naandika "so" na "mi" kwa penseli juu ya stafu. Lakini stafu, ile mistari mitano ya noti, usome. Kondakta akisema "twende baa ya 64", yaani kile kipande cha 64 cha muziki kati ya mistari ya wima, hakusubiri wewe uhesabu kutoka mwanzo.

5. Mwili ukikusaliti, endelea. Pretty Yende wa Afrika Kusini alijikwaa na kuanguka alipoingia jukwaani kwenye jumba la opera la Metropolitan, New York, Januari 2013, usiku wake wa kwanza pale. Akainuka, akaimba. Ila ngazi ndizo zilizomwangusha. Noti alikuwa nazo.

6. Kunywa maji. Soda si maji.

Nilikuwa nataka kuongeza ya viatu, ila turudi kwa mdogo wangu pale nje. Nikamuuliza, aria yako ya pili ni ipi?

"Susanna, dada."

Na resitativo?

Akaangalia viatu vyake. Zilikuwa zimebaki dakika 12. Nikamshika mkono, tukashuka ngazi za dharura hadi chini kabisa, nikamwambia: fuata mimi. *Giunse alfin…*