Maswali na majibu: Kipimo changu cha aflatoksini kimefaulu maabarani, je, nisajili kampuni?

Swali: Mwalimu, mimi ni mtafiti wa biokemia hapa Nairobi. Nilimaliza shahada ya uzamifu mwaka jana na sasa nimeajiriwa kwa mkataba katika chuo kikuu cha umma. Pamoja na profesa aliyenisimamia tumetengeneza kikaratasi cha kupima aflatoksini, ile sumu ya kuvu, kwenye mahindi, na maabarani kinafanya kazi vizuri. Mwezi ujao nimealikwa kukieleza katika kongamano la kisayansi. Marafiki wananihimiza nisajili kampuni upesi kabla wazo halijaibwa. Nianze na lipi: kampuni, hataza (haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi) au makala? Profesa anastahili hisa ngapi? Na ni lazima niache kazi? – Mtafiti, Nairobi

Jibu: Daktari, hongera. Mwaka 2004 watu 125 walifariki kwa aflatoksini, wengi wao Makueni na Kitui, na tangu wakati huo tumeona mara kwa mara unga ukiondolewa madukani. Kazi yako inahitajika, ndiyo maana sitaki uipoteze kwa kukosea mpangilio wa hatua.

Kongamano ndilo lenye tarehe, basi tuanze nalo. Usionyeshe muundo wa kikaratasi wala kutaja viambato vyake hadharani kabla ombi la hataza, yaani patenti, halijawasilishwa. Sheria ya Mali ya Viwanda ya Kenya ya 2001 inampa mvumbuzi muhula wa nafuu wa miezi 12: ukitangaza uvumbuzi wako mwenyewe, bado unaweza kuuombea hataza hapa nchini ndani ya mwaka huo. Watafiti wengi wakisikia hivyo hutulia, lakini Ulaya haina nafuu ya namna hiyo. Bango la kongamano, muhtasari uliowekwa mtandaoni, hata tasnifu iliyo wazi maktabani, kimoja tu kinatosha kuangusha ombi lako huko.

Kwa hiyo nina swali kwako: tasnifu yako iko wapi, na imeeleza nini? Ikiwa chuo kilishaipakia kwenye hifadhi yake ya mtandaoni na ndani yake umeeleza kikaratasi hatua kwa hatua, miezi yako 12 ilianza kuhesabiwa siku ile, wala si siku ya kongamano. Lichunguze hili leo. Kama bado haijapakiwa, omba maktaba iizuie kwa muda. Vyuo vingi vina utaratibu wa kufanya hivyo. Kongamanoni unaweza kueleza tatizo na usahihi wa kipimo bila kufichua kinavyotengenezwa. Makala yataandikwa baada ya ombi kuwasilishwa, hata wiki moja tu baadaye.

Ombi hupelekwa KIPI, Taasisi ya Mali ya Viwanda ya Kenya, iliyoko South C. Tarehe ya kuwasilisha ombi hilo la kwanza ndiyo itakayokulinda. Ndani ya miezi 12 unaweza kuitumia kuomba ulinzi nje ya nchi, kupitia ARIPO, shirika la mali ubunifu la kanda ya Afrika lililoko Harare, kwa majirani kama Uganda, Tanzania na Rwanda, au kupitia mkataba wa kimataifa wa PCT, unaokupa kwa kawaida miezi 30 tangu tarehe ya kwanza kabla ya kulipia nchi moja moja. Muda huo una thamani kwa sababu gharama kubwa ziko kwenye nchi moja moja, na kufikia hapo utakuwa umejua kama kuna mnunuzi. Hapa nyumbani, kumbuka kuomba uchunguzi wa hataza ndani ya miaka 3 tangu uwasilishe ombi, la sivyo litahesabiwa kuwa limeachwa.

Sasa, ni nani atakayewasilisha ombi hilo? Hapa ndipo marafiki zako wanakupotosha. Sheria hiyohiyo inasema uvumbuzi uliofanywa kwa mujibu wa mkataba wa kazi ni wa mwajiri, isipokuwa mkataba wenyewe useme vinginevyo. Ulipokuwa mwanafunzi hali huenda ilikuwa tofauti, kutegemea sera ya chuo na masharti ya aliyekufadhili. Kusajili kampuni bila kulimaliza jambo hili ni kujenga nyumba kwenye shamba ambalo hati yake iko kwa mtu mwingine. Nenda kwenye ofisi ya chuo inayoshughulikia mali ubunifu ukiwa na mkataba wako wa kazi, barua ya ufadhili na daftari la maabara lenye tarehe. Omba vitu viwili kwa maandishi: tamko la nani anamiliki nini, na masharti ya leseni ambayo kampuni yako ingepewa. Usikubali ahadi ya mdomo hata kutoka kwa mkuu wa idara anayekupenda. Wakuu wa idara hubadilika.

Angalia pia chupa za kingamwili, yaani protini zinazonasa sumu kwenye kikaratasi, kama ulizinunua. Nyingi huuzwa kwa sharti la matumizi ya utafiti pekee. Ukitia kingamwili hiyo kwenye bidhaa ya kuuza, umevunja sharti la muuzaji, na mwekezaji makini ataligundua hilo katika wiki ya kwanza. Mwandikie mtengenezaji umuulize bei na masharti ya matumizi ya kibiashara. Jibu lake linaweza kubadilisha hesabu yako yote ya gharama.

Haya yakiendelea, toka maabarani. Hili nalisisitiza kuliko yote. Marekani, mpango wa I-Corps wa National Science Foundation, shirika la serikali linalofadhili sayansi, ulioanza 2011, huwataka wanasayansi wahoji wateja wapatao 100 kabla ya kuamua kama kuna biashara. Nenda Industrial Area alfajiri, usimame kwenye lango la kiwanda cha unga lori za mahindi zinapofika. Utaona dereva anayetaka kushusha aondoke na mnunuzi anayetaka jibu kabla foleni haijafika barabarani. Uliza wanatumia kifaa gani kupima sasa, kila kipimo kinawagharimu kiasi gani, na ni nani mwenye mamlaka ya kukataa lori. Huyo wa mwisho ndiye mteja wako. Mkulima mdogo ndiye anayeumia, na najua ndiye uliyemfikiria ulipoanza, lakini mara nyingi hatalipia kipimo kitakachomwambia mahindi yake hayauziki. Kiwanda, ghala la nafaka au mtengenezaji wa chakula cha mifugo atalipa, kwa sababu hasara ni yake. Wasindikaji wa maziwa usiwasahau: ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini, sumu huhamia kwenye maziwa.

Utarudi na maswali ambayo maabara haikukuuliza. Aflatoksini haisambai sawasawa. Punje chache zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima. Kikaratasi chako kinaweza kuwa sahihi kabisa na lori lenye sumu likapita, kwa sababu sampuli ilichotwa mahali pamoja. Basi huenda bidhaa yako si kikaratasi pekee, bali ni kikaratasi pamoja na utaratibu wa kuchukua sampuli na kuisaga. Je, kinahitaji methanoli, kemikali ambayo yenyewe ni sumu, ili kutoa aflatoksini kwenye unga? Nani ataishika, na ataimwaga wapi? Je, kinatofautisha mikrogramu 9 na 11 kwa kilo? Kiwango kinachokubalika kwenye mahindi hapa kwetu ni 10 kwa jumla ya aflatoksini, na 5 kwa aina ya B1, hivyo mteja anakuhitaji hasa hapo kwenye mpaka. Jibu la uongo linalosema mahindi ni salama litaishia kwenye sufuria ya mtu. Kabla hujauza hata kimoja, linganisha matokeo yako na ya maabara huru iliyoidhinishwa, kwa mahindi halisi ya sokoni.

Ukishajua hayo ndipo uulize kama unahitaji kampuni. Usajili wenyewe ni rahisi, unafanyika kwenye eCitizen na mtu mmoja anatosha. Ila kampuni isiyouza kitu bado inadaiwa ritani za kodi kila mwaka. Pia kuna njia ya kumpa leseni mwenye kiwanda tayari. Kuvu ya ICIPE 69, iliyotafitiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu pale Kasarani, iliwafikia wakulima kama kiuatilifu cha Campaign kupitia kampuni ya Real IPM ya Thika. Watafiti hawakulazimika kuwa wafanyabiashara. Kwako mimi naegemea kampuni, kwa kuwa kipimo cha aina hii kinahitaji marekebisho mengi karibu na mteja, lakini leseni si kushindwa.

Pesa za mwanzo zitafute kwenye ruzuku, si kwa kuuza hisa. Soma masharti ya National Research Fund (mfuko wa taifa wa utafiti), ya KENIA (wakala wa taifa wa ubunifu), na ya BioInnovate Africa, iliyo na makao yake icipe na inayosaidia hasa utafiti wa kibiolojia uwe biashara.

Kuhusu profesa, tenganisha mambo mawili. Jina kwenye hataza ni la aliyechangia wazo la uvumbuzi wenyewe, na kusimamia tasnifu peke yake hakumfanyi mtu mvumbuzi. Kama alichangia, jina lake lazima liwemo, na atapata sehemu yake ya mrabaha, yaani malipo yatokanayo na matumizi ya hataza, kwa sera ya chuo. Hisa za kampuni ni malipo ya kazi itakayofanywa kuanzia sasa. Muulize kwa heshima, ana kwa ana, atatoa saa ngapi kwa wiki na kwa jukumu gani. Kisha kila mwanzilishi, wewe ukiwemo, apate hisa zake kidogo kidogo, kwa kawaida katika miaka 4, na asipate chochote akiondoka kabla ya mwaka wa kwanza. Mtafute pia mwenzenu mmoja aliyewahi kuuza bidhaa viwandani. Si lazima mwanasayansi awe mkurugenzi mkuu.

Kazi usiiache sasa. Omba kibali cha maandishi cha kushughulika na kampuni nje ya saa za kazi, utangaze mgongano wa maslahi, na usitumie mashine za chuo kwa kazi ya kampuni bila mkataba wa kuzilipia. Wakati wa kuondoka utakapofika, utakuwa na leseni iliyotiwa sahihi, kiwanda kimoja angalau kinachonunua kwa pesa zake, na mshahara wako wa mwaka mmoja ndani ya bajeti ya ruzuku.