Kabla Hujaongeza Kitu, Toa Dairekti Kwanza

Ukinunua Corolla 100 leo hii, hununui gari la Toyota peke yake. Unanunua pia maamuzi ya kila fundi aliyewahi kufungua boneti yake tangu lishuke bandarini. Mmoja alikata waya, mwingine akaziba mpira kwa bolti, wa tatu akang'oa kitu akasema hakina kazi kwa hali ya hewa yetu. Gari linatembea, ndiyo, ila linakula mafuta, asubuhi linagoma kuwaka, halina sailensi (halitulii likinguruma bila kukanyagwa mafuta), na kila ukilipeleka gereji unaambiwa kuna kitu kingine cha kubadilisha.

Mtaani mambo haya yana jina moja: dairekti, yaani kitu kuunganishwa moja kwa moja na umeme, bila kupitia njia yake ya kiwandani. Feni imepigwa dairekti, pampu ya mafuta dairekti, taa dairekti. Mafundi siwalaumu sana. Mteja anataka gari lake jioni ileile, spea pale Gerezani, Dar, ina bei yake, na kipande cha waya kutoka kwenye betri hakifiki hata nauli ya daladala. Lakini gari la miaka 30 limebeba dairekti juu ya dairekti, mpaka ukifuatilia hitilafu unakuta unafuatilia kazi ya mtu, wala si kilichoharibika.

Kwa hiyo anayetaka kushika spana nyumbani namwambia hivi: mwanzoni usiongeze chochote. Rudisha gari lilivyotoka kiwandani, kitu kimoja kimoja, halafu ndipo uanze kufikiria taa kali na rimu. Nazungumzia Corolla AE100 yenye injini ya 5A-FE kwa kuwa ndilo ninaloshinda nalo uani, ila mengi yanahusu Toyota nyingi za nozeli (zisizotumia kabureta) za miaka ya 1990.

Anza na maji. Gari likichemsha, wa kwanza kuhukumiwa ni themostati. Fundi anafungua kifuniko chake, anaitoa, anafunga, na kweli mshale wa joto unashuka. "Bosi, hii ni ya nchi za baridi, huku kwetu ya nini?" Umeshaisikia hiyo.

Themostati ya injini hii huanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi. Chini ya hapo huyazuia maji yasizunguke kwenye rejeta ili injini ipate joto lake upesi. Ukiitoa, injini inachelewa kupata joto, na ukiwa barabara kuu usiku, au huko kwenye baridi ya Makambako na Njombe, inaweza isilipate kabisa. Sensa ya joto inaipelekea kontrol boksi (kompyuta ya injini) taarifa kwamba injini bado ya baridi, nayo inaamini, inaendelea kumwaga mafuta ya ziada kama gari limewashwa alfajiri. Hapo ndipo watu wanapolalamika kwamba injini ya cc 1500 inakunywa kama ya V6, na plagi zikifunguliwa ni nyeusi kama mkaa. Taa ya cheki injini haitawaka, maana sensa ni nzima na inasema kweli. Utabadilisha plagi, utasafisha nozeli, utauziwa pampu, na ulaji utabaki palepale.

Kuipima ni kazi ya jikoni. Tafuta sufuria iliyokwisha kustaafu, weka maji, ning'iniza themostati kwa uzi isiguse chini, washa jiko. Lazima ianze kufunguka kabla maji hayajachemka, na yakikaribia kuchemka iwe imeachia milimita 8 au zaidi. Yakipoa ijifunge yenyewe. Isipofanya hivyo nunua mpya, hiki si kitu cha kununua cha mtumba. Wakati wa kuirudisha utaona kuna kidude kidogo kinachochezacheza pembeni mwake. Hicho kikae juu, ndicho kinachopitisha hewa unapojaza maji.

Sasa, kama gari lilikuwa linachemsha kweli, sababu ipo mahali pengine na bado inakungoja. Mara nyingi ni rejeta iliyozibwa na kutu ya maji ya bomba, au feni, au kifuniko cha rejeta. Kifuniko watu wanakidharau. Springi yake inazuia presha, na presha ndiyo inayofanya maji yasichemke mapema. Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji kwenye sufuria ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kifuniko kizima cha presha ya bar 0.9 kinayasogeza mbali sana na hapo. Pwani yangefika karibu nyuzi 118. Kifuniko kilicholegea kinakuangusha ukiwa katikati ya Mlima Kitonga nyuma ya lori. Badilisha, ni bei ndogo, halafu weka kulanti iliyochanganywa na maji safi. Na usikifungue injini ikiwa ya moto, hata ukiwa na haraka ya namna gani, hata kwa kitambaa.

Feni nayo ina siri ambayo imewapiga chenga mafundi wengi. Kwenye magari mengi swichi ya joto hujiunga injini ikipata moto, na feni inazunguka. Kwenye Toyota hizi ni kinyume: swichi iliyo kwenye mfumo wa maji hukaa imejiunga wakati wa ubaridi, na maji yakifika nyuzi 93 hivi inaachia, ndipo relei (swichi inayoendeshwa na umeme) inawasha feni. Maana yake ukichomoa soketi ya swichi hiyo, ufunguo ukiwa ON, feni inatakiwa izunguke hapohapo, hata injini ikiwa baridi. Huu ndio upimaji wenyewe, hauhitaji kifaa. Ikizunguka, basi mota, fyuzi na relei ni salama, na wa kushukiwa ni swichi. Isipozunguka, anza na fyuzi, kisha badilishana relei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi, kisha ipe mota moto (umeme) kutoka kwenye betri uone kama iko hai.

Fundi asiyejua hilo anaunganisha nyaya mbili za soketi ili "kuwasha feni", anaona haiwaki, anatangaza mfumo umekufa, anaipiga dairekti kwenye ufunguo au anakuwekea kaswichi chini ya dashibodi. Kaswichi hako ndiko kalikochemsha magari ya watu, kwa sababu siku moja gari anaendesha shemeji, na shemeji hakuambiwa.

Maji yakiwa sawa, ndipo ulisikilize gari linasema nini. Huhitaji mashine ya kupimia. Kwenye boneti kuna kiboksi cheusi kimeandikwa DIAGNOSTIC. Fungua mfuniko, ndani ya mfuniko wenyewe pameandikwa majina ya pini. Chukua kipande cha waya, unganisha TE1 na E1, weka ufunguo ON bila kuwasha injini, AC ikiwa imezimwa na mguu usiguse pedeli ya mafuta. Taa ya cheki injini itaanza kupepesa. Ikipepesa mfululizo kwa mwendo mmoja, haina la kusema. Ikipepesa mara mbili, ikapumzika, ikapepesa mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni sensa ya oksijeni, 31 ni sensa ya vakyumu (mvuto wa hewa kwenye injini), 41 ni sensa ya throto. Kama zipo zaidi ya moja inazitaja kuanzia namba ndogo, kisha inarudia.

Soma majina ya pini mara mbili kabla ya kuunganisha. Katika kiboksi hichohicho kuna +B, ambayo ni moto wa moja kwa moja, na hiyo ukiigusisha na ethi (chuma cha gari, upande wa hasi ya betri) utaunguza kitu. Ukitaka kujua kama pampu ya mafuta ni nzima, unganisha +B na FP, ufunguo ukiwa ON, utasikia mafuta yanapita. Hapo umeipima pampu bila kukata waya wowote.

Namba ikitoka, usikimbilie dukani. Namba inakuonyesha saketi, haijasema sensa imekufa. Ikitokea 22, chomoa soketi ya sensa upime kwa mita ya umeme: kwenye nyuzi 20 isome kati ya kilo-ohm 2 na 3, na kwenye nyuzi 80 ishuke mpaka ohm 200 hadi 400. Joto la Dar mchana litakupa namba ndogo kuliko ile ya nyuzi 20, usishtuke. Ikiwa sensa inasoma vizuri, ubovu uko kwenye waya au soketi, na soketi za umri huu plastiki yake inavunjika ukiitazama tu. Ukimaliza, futa kumbukumbu kwa kuchomoa fyuzi ya EFI kwa sekunde 10 au zaidi, uendeshe, usome upya.

31 niizungumzie kidogo. Injini hii haipimi hewa inayoingia, inakisia kwa kuangalia vakyumu kupitia mpira mwembamba unaotoka kwenye manifoldi (bomba linaloingiza hewa kwenye injini). Mpira huo ukichomoka au kupasuka, sensa inadhani umekanyaga mafuta hadi mwisho, na kontrol boksi inamwaga. Moshi mweusi, harufu ya petroli, gari linazima. Kuna watu wameuziwa kontrol boksi nzima ya mtumba kwa sababu ya kipande cha mpira kifupi kuliko kalamu.

Tukija kwenye umeme, kwa sisi wa pwani mchawi ni ethi. Chumvi na unyevu vinakula pale waya mweusi unapofungwa kwenye injini na bodi. Mita inakuonyesha bila ubishi: weka pini moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye chuma cha injini, mtu apige starta. Ikizidi nusu volti, ethi haifai. Fungua, kwangua mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi kwa juu. Betri yenyewe ikiwa imepumzika isome volti 12.6 hivi, na injini ikiunguruma iwe kati ya 13.5 na 14.5. Plagi, rota na kofia ya distributa sitazisemea sana, kila fundi anazijua. Ila gari likimisi (injini ikikatakata) siku ya mvua tu, fungua kofia uangalie unyevu na michirizi ya nyufa ndani yake kabla ya jambo lolote.

Gari likishatulia, likawaka kwa mguso mmoja na mshale wa joto ukakaa mahali pake, ruksa kulifanyia mapambo na maboresho. La kwanza kwangu ni taa, kwa sababu nyaya za zamani zimechoka. Washa taa injini ikiunguruma, pima volti kwenye betri, kisha pima kwenye soketi ya balbu. Ukikosa volti moja na ushee njiani, umepoteza mwanga mwingi sana: volti ikipungua kwa asilimia 10, mwanga wa halojeni hupungua kwa karibu asilimia 30. Wengi wanatibu hilo kwa balbu za wati 100. Matokeo yake ni soketi zilizoyeyuka na swichi ya taa inayonuka.

Fanya hivi: soketi ya asili iwe inaamsha relei tu, na moto wa balbu utoke kwenye betri kwa waya mpya wa milimita za mraba 2.5, balbu zikibaki zilezile za wati 55/60. Relei moja ya fulu, moja ya dimu, kila moja na fyuzi ya ampea 15 iliyokaa karibu kabisa na betri. Fyuzi ikikaa mwishoni mwa waya haikingi chochote. Jihadhari na jambo moja: kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo moto uko kwenye balbu muda wote taa zikiwashwa, na swichi inachagua fulu au dimu kwa upande wa ethi. Ukipima kwa taa ya testa ukitegemea kukuta moto upande mmoja tu, utachanganyikiwa. Kisha bandika karatasi ya gundi kwenye kila waya ulioongeza, uandike unakwenda wapi.

Kunyanyua gari kwa spesa (vipande vya kuongeza kimo) sikushauri. Sivi jointi (viungo vya ekseli za mbele) zinafanya kazi zimepinda na haziishi, na breki na stelingi ni sehemu ambazo mimi mwenyewe nampelekea fundi ninayemwamini. Ukiingia chini ya gari kwa kazi yoyote, tumia stendi. Jeki peke yake usiilalie chini.

Matairi yana hesabu. Kama gari lako lilikuja na 175/70R13, kipenyo chake ni milimita 575 hivi. Ukihamia rimu za 14, 185/60R14 inakupa 578, karibu sawasawa, na spidomita haidanganyi. Wengi huvaa 185/70R14 ili wapate kimo. Hiyo ina 615, na faida yake ni sentimita mbili tu za kunyanyuka, kwani nusu ya kinachoongezeka inakwenda juu ya ekseli. Hasara yake ni kwamba spidomita ikisoma 50 wewe uko 53, na trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo hasomi dashibodi yako. Angalia pia tairi la akiba. Likibaki la 13 huku manne mengine ni makubwa, lifunge la kukufikisha kwa fundi pancha tu, na usilifunge mbele, ambako magurudumu ndiyo yanayovuta na difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili yazunguke kwa mwendo tofauti) italazimika kufanya kazi njia nzima.