Umeombwa kusindikiza filamu isiyo na sauti kwa kinanda? Kubali

Wiki hii kijana mmoja anayesoma hapa Ujerumani ameniandikia: "Shikamoo kaka. Parokia ya huku wameniomba nipige kinanda cha mabomba wakati wanaonyesha filamu ya zamani isiyo na sauti. Naanzia wapi?"

Anzia kwa kukubali, mdogo wangu. Sisi tuliolelewa na kwaya tumezoea kupiga mpaka matoleo yaishe. Beti zimekwisha, foleni bado imefika mlangoni, mwalimu wa kwaya anakukonyeza uendelee. Unazungusha, unapandisha ufunguo, unashusha sauti, padri akiwa tayari unafunga. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Kuna mwalimu, simtaji, aliyekuwa akinisema mbele ya kwaya nzima kwamba napiga kwa kubabaisha. Laiti angekuwepo Jumamosi iliyopita watu waliposimama kunipigia makofi!

Nilisindikiza The Phantom of the Opera ya 1925, ile aliyoigiza Lon Chaney. Ina mtego wake: Mzuka mwenyewe, yule anayeficha sura kwa barakoa, ni mpiga kinanda. Christine, mwimbaji aliyemteka, anamnyemelea kwa nyuma, mkono unaifuata barakoa, unarudi, unaifuata tena. Hapo ukianza vitisho umeharibu, kwa sababu watu wanaviona vidole vyake vikitembea. Kinanda chako lazima kiwe ndicho chake. Nikampigia wimbo wa taratibu, mguu nimeuegemeza kwenye pedali moja ya chini, vile vibao vya sauti nzito vinavyopigwa kwa miguu. Barakoa ilipong'oka, nikainua mikono na mguu. Kimya. Sura ile na mdomo wazi vikabaki peke yake ukutani. Mama mmoja wa mstari wa mbele akapiga yowe, ndipo nikarudi na mabomba yote.

Kwa hiyo: usipige kila unachokiona. Nyamaza. Weka akiba ya nguvu, maana mwisho umati unamkimbiza Mzuka mpaka mto Seine na huko utazihitaji.

Fanyia mazoezi nakala ileile itakayoonyeshwa. Filamu hii ilihaririwa upya ikatolewa tena na sauti, na nakala zilizopo hazilingani. Tena filamu za enzi hizo huzungushwa kwa mwendo tofauti, dakika zinabadilika.

Wapigaji wa zamani walikuwa na msaada. Mwaka 1924 Erno Rapée, kiongozi wa okestra, alichapisha mkusanyiko wa vipande vya muziki vilivyopangwa kwa hali 52, vita huku, mazishi kule, unafunua tu. Vinanda vya Wurlitzer vya majumba ya sinema vilikuwa na ngoma, kengele, hata filimbi za ndege. Cha kanisani hakina hayo. Usilalamike, una pedali. Vijana wetu tunapenda sana kusubiri vifaa kamili, na noti, na cheti, huku wenzetu wanapiga.

Na malipo taja mapema, kabla ya mazoezi. Mimi nilinyamaza kwa adabu, nikarudi nyumbani na maua na chupa ya divai, na pombe sinywi.